Vidole Viwili

Nimechimba shimo Mwakirunge, kwenye mteremko wa kina Tsuma,
kina changu mpaka kidevuni, upana wa kitanda cha mtoto,
ukuta mmoja ukielekea jua ili niusome.
Munga kasimama ukingoni, simu mkononi.
Anataka jibu moja: mahindi, au ploti?
Mamake, Umazi, yuko kando na mbuzi wake tisa
na hajauliza kitu.

Juu, udongo mweusi: vidole viwili.
Nilivilaza ukutani nikapima. Viwili tu.
Chini yake wekundu unaoingia kijivu,
mgumu kama sabuni iliyosahaulika juani,
na chini zaidi mwamba laini wa matabaka
unaobanduka kwa ukucha, ukurasa kwa ukurasa,
kitabu kilicholowa kikakauka.

Nikatema mate kiganjani, nikafinyanga utepe.
Ulifika urefu wa kijiti cha kiberiti, ukakatika.
Nikatia bonge moja kwenye gilasi ya maji.
Udongo mzuri hukaa. Hujifikiria.
Huachia povu moja, mawili, ukatulia.
Huu haukungoja. Ulitoa moshi ubavuni,
na kabla sijamaliza kuandika tarehe
maji yalishakuwa chai ya maziwa.

"Chumvi," nikamwambia Munga. "Si ya kuonja.
Ni ile inayozigombanisha chembe,
zisishikane mikono mvua ikija."

Udongo uwahi ungali maji, walisema.
Huu ukiwa maji, umeshaondoka.

Hebu tazama: kila kokoto imesimama kwa mguu mmoja,
juu ya kinara cha udongo iliokikinga na matone.
Kimo cha mguu huo
ndicho kimo cha shamba kabla ya vuli.
Mgunga umevuliwa viatu, mizizi yaning'inia
juu ya korongo ambalo Munga, darasa la tatu,
alikuwa akiliruka na mkoba mgongoni.
Juzi wamelitupia gari bovu. Gari halionekani.
Na huko chini, kwenye hori,
mikoko imezama mpaka kifundoni
ndani ya shamba la babu yake.

Fomu yangu ina visanduku.
Kilimo cha mvua: haufai.
Umwagiliaji: haufai, chumvi itapanda.
Nyumba: kwa tahadhari, maana huvimba masika
na kiangazi hupasua kuta.
Malisho: wafaa kidogo, ikiwa

na baada ya "ikiwa" wamenipa mstari mmoja.

Ikiwa upande wa juu utafungwa misimu miwili.
Ikiwa mawe yatapangwa kukata mteremko, wala si kuufuata.
Ikiwa majani yataachwa yazeeke, yaangushe mbegu.
Ikiwa mbuzi tisa hawatakuwa thelathini kwa ajili ya harusi.
Ikiwa hakuna atakayeuza.
Niliandika: *ikiwa patapumzishwa.*

Munga alisoma begani kwangu.
"Kwa hiyo haufai kitu."
Sikusema hivyo. Lakini nilikuwa nimekwisha kupiga muhuri,
na jua limekaza, na bodaboda yangu yanisubiri.
Nikashika sepetu nianze kufukia.

"Ngoja."
Ni Umazi. Kaja mpaka ukingoni, katazama lundo langu,
moja, kubwa, jekundu.
"Mweusi umeuweka wapi?"
Sikuwa na jibu. Miaka kumi na moja ya kazi hii,
mashimo mia tatu na ushei,
na wote niliwahi kuufukia vivyo hivyo, shaghalabaghala.

Akapiga magoti. Akauchambua kwa mkono,
bonge kwa bonge, kama anayetoa mawe mcheleni,
akinipangia bila kuniangalia:
"Wa chini rudisha chini. Huu wangu."
Mbuzi mmoja alikuja akanusa fomu.

Nilifukia. Alingoja amesimama,
mweusi wote umo pindoni mwa leso yake,
na ulikuwa mchache, nusu ya kitunga, hata si nusu.
Aliutazama kama mtu aliyerudishiwa chenji
akaihesabu, akaona imepungua,
na mwenye duka keshafunga.